Vikombe vya Shingo ya Baiskeli

Mume wangu aliingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya sabini, akikimbia mauaji ya Burundi, akikokota baiskeli ya kaka yake. Kaka mwenyewe hakuvuka. Tulipooana kwetu Makere, baiskeli ile ndiyo ilikuwa mali yake yote.

Nikiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, shingo ya baiskeli ikaanza kugonga. Ukikata kona, usukani ulikwama kidogo kisha ukaachia ghafla, na mimi nimekaa nyuma kwenye keria. Mume wangu akaifungua. Vile vikombe vya chuma vinavyoshika gololi, pale foko, ule uma wa gurudumu la mbele, inapopita ndani ya fremu, vilikuwa vimelika, na kimoja kimepasuka.

Tukaipeleka Kasulu kwa muuza vipuri, mtu wa asili ya pwani. Akatoa vikombe vipya vilivyopakwa grisi, akavijaribu kwenye baiskeli yetu. Cha chini kikapwaya. Cha juu, chenye hesi, ile mikato ya kukazia, kikazunguka kidogo tu kikagoma.

“Kaza,” mume wangu akasema.

“Nikikaza nitaua hesi, shemeji. Hii imetengenezwa kwa vipimo vya Kibelgiji, mimi nauza vya Kiingereza. Chukua foko mpya na vikombe vyake. Mfikirie dada hapa na hali yake.”

Mume wangu akatikisa kichwa. “Foko ni hii hii.”

Muuza duka akanitazama, nami nikatazama chini. Kwa kweli nilitaka foko mpya. Lakini tangu tuoane sikuwahi kumsikia mume wangu akimtaja kaka yake, na nilihisi kwamba pale dukani alikuwa anamtaja.

“Basi jaribuni Kibondo,” muuza duka akasema kwa upole. “Kuna Mrundi alikuja na baiskeli kama hii. Nasikia fremu yake imekatika.”

Tukaipakia baiskeli kwenye lori la mahindi lililokuwa likienda Kibondo. Mrundi yule tulimkuta nyumbani, mtu mzima mwenye mvi. Fremu iliyokatika ilikuwa imetundikwa ukutani. Walizungumza Kirundi, nami Muha, ambaye Kiha chetu kinakaribiana nacho, nikawafuata bila shida. Mume wangu alipoomba vikombe, yule mzee aliigeukia fremu ile ukutani.

“Nilikuwa nasubiri mtu wa kuiunga fremu,” akasema.

Mkewe akajibu kutoka jikoni, “Amekuwa akimsubiri tangu tufike.”

Mzee akacheka kidogo, akaishusha fremu. Kikombe cha juu alikifungua, cha chini akakigonga taratibu kwa kipande cha mti mpaka kikatoka. Kwenye foko yetu, cha chini kilikaa bila kucheza hata kidogo. Cha juu alikizungusha kwa vidole tu, bila spana, kikashuka mpaka mwisho.

“Niacheni niijaribu,” akasema.

Akapanda, akashika njia ya sokoni, akapotea kwenye kona. Tulimngoja mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Aliporudi jasho lilikuwa linamtiririka, na hakutaka malipo yoyote. Alimshika mume wangu mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie upesi.

Tukiwa juu ya lori, tunarudi, mume wangu akaanza kuzungumza. Kaka yake alikuwa fundi cherehani. Alipenda kupiga mluzi akiteremka milima, na alikuwa na woga wa mbwa. Vumbi lilitujaa midomoni, lakini hakunyamaza mpaka tukafika Kasulu. Mimi nilimsikiliza tu, mkono mmoja tumboni, mwingine nimeishika baiskeli isianguke.