Drahuše na Dakika Kumi na Mbili za Poland

Drahuše Kubíčková alikuwa kondakta kwenye treni niliyoiendesha kwa miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo sikumwona hata siku moja akinywa kahawa ameketi. Alisimama mlangoni, kikombe mkononi, akitazama nje kama mtu anayesikia anaitwa.

Alikuwa mtoto wa wahamiaji, kama karibu sisi sote wa wilaya ya Jeseník, kaskazini mwa nchi ya Wacheki. Wajerumani walipofukuzwa baada ya vita, vijiji vilibaki vitupu, na serikali ikaleta watu kutoka kila pembe kuvijaza. Mama yake alipewa nyumba Vidnava, karibu kabisa na mpaka. Akaliweka sanduku lake la nguo nyuma ya mlango, na kwa miaka tisa hakulimaliza kulifungua. "Yule Mjerumani mwenye nyumba akirudi, nitamwambia nini?" ndivyo alivyokuwa akisema. Drahuše alikulia humo, akisikiliza hatua za barabarani.

Na upepo wetu hausaidii. Unashuka kutoka mlima Praděd, unagonga madirisha siku tatu mfululizo, halafu unakatika ghafla, na kimya chake ndicho kinachokutoa kitandani. Kusini tumezibwa na milima, kaskazini ni Poland. Ukienda mji wa Krnov kwa basi utapanda na kushuka kona hadi utapike. Kwa hiyo reli inapita Poland. Treni inaingia stesheni ya Głuchołazy, kichwa cha treni kinafunguliwa na kupelekwa upande wa pili, kisha tunatoka kurudi nchini kwetu. Enzi zile milango ilifungwa kwa ufunguo na askari wakasimama kando ya mabehewa. Dakika kumi na mbili, hakuna kushuka.

Ng'ambo ya reli palikuwa na nyumba ya matofali, na kila asubuhi mwanamke mmoja alitokeza dirishani akapunga kitambaa chekundu. Drahuše naye alipunga mkono. Ikawa kazi ya kila siku. Akirudi kutoka likizo, aliniuliza kama yule mama alitokeza.

Mwaka wa themanini na tatu, mwezi wa kumi, dirisha likafungwa. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Drahuše akaanza kutoboa tiketi zilizokwisha kutobolewa. Akamuuliza askari mmoja, naye akamjibu, "Ingia ndani, bibi."

Jumanne moja ukungu ulikuwa mzito hata sikuiona taa ya mbele yangu. Drahuše akaja chini ya dirisha langu.

"Radovan, nakwenda."

"Wapi?"

"Kwake."

"Una wazimu? Askari wamejaa!"

"Hawaoni hata viatu vyao. Wewe chelewachelewa na kichwa chako."

"Na wakiniuliza?"

"Sema niko msalani. Nani ataingia kuchungulia?"

Akarudi behewani, akafungua kwa ufunguo wake mlango wa upande usio na jukwaa, akatoweka. Nilifunga kichwa, nikafungua, nikafunga tena. Dakika ya kumi na nne askari akaja.

"Kondakta yuko wapi?"

"Msalani."

"Muda wote huu?"

"Jana alikula kabichi, bwana."

Akacheka, akageuka. Ndipo Drahuše akaparamia ngazi, soksi zimechanika, anahema, kifurushi cha karatasi kwapani. Tulipovuka mpaka akanisimulia.

Alikuwa amegonga, akafunguliwa na mama mzee aliyevunjika mguu, umefungwa plasta, hawezi kufika dirishani. Lugha zetu ni jirani, ukisema polepole mnaelewana.

"Wewe nani?" mzee akauliza.

"Mimi wa kwenye treni. Unayenipungia kila siku."

"Nani anakupungia?"

"Wewe, mama. Kwa kitambaa chekundu."

"Eh! Mwanangu, mimi nakung'uta makombo ya mkate. Wewe ndiye niliyekuwa nakuona unarusha mkono, nikamwambia marehemu mume wangu, maskini yule Mcheki, ana ugonjwa wa mishipa."

Lakini alimketisha, akamkatia keki ya mbegu za mpopi, akamfungia kipande cha njiani. Drahuše alinisimulia huku akicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akachukua kikombe chake, akaenda kusimama mlangoni mpaka Krnov.

Mtu fulani behewani alikuwa amemwona, akapeleka habari. Hawakumfunga. Walimtoa kwenye treni wakamweka dirishani kuuza tiketi, kwenye kiti, saa nane kwa siku. Nilipita kumsalimu.

"Unaendeleaje?"

"Nageuka kuwa meza," alisema. "Kila mtu anaondoka, na mimi ndiye ninayemwandikia aende wapi."

Alivumilia miezi minne. Kisha akaomba kazi ambayo hakuna aliyeitaka, kupeleka barua kwa miguu huko juu Rejvíz na kwenye nyumba zilizotawanyika msituni. Wakati wa theluji alikwenda kwa ski, zile mbao za kuteleza, mkoba mgongoni. Watu wa huko walilalamika kwamba anawaachia barua na kuondoka kabla hawajasema karibu. Mumewe alikata tamaa ya kula naye chakula cha mchana. Lakini uso wake ulipata damu tena.

Mipaka ilipolegea, tukiwa tumestaafu wote wawili, nilimwambia twende Głuchołazy, tushuke kwa mlango wa halali, kama abiria. Akakubali. Nyumba ilikuwa ya watu wengine; mama mzee alikuwa amefariki zamani, alituambia jirani. Drahuše alitikisa kichwa, akamshukuru, akaanza kutembea.

"Stesheni iko huku," nikamwambia.

"Najua. Nina miguu."

"Mpaka nyumbani? Una habari ni mbali kiasi gani?"

"Rudi basi ukapande treni yako, mzee. Nani amekushika?"

Nikamfuata, magoti yakilia. Tulipita mashamba ya viazi na njia ya matope, na mvua ikaanza upande wa Mikulovice, tukiwa tumeshavuka mpaka. Alikuwa mbele yangu hatua ishirini, halafu hamsini. Nilipomwita alinyoosha mkono kuonyesha kilima kilichofuata, bila kugeuka, akaongeza mwendo.