Tulipoupita Msiba Njia ya Ikuti

Jembe likigonga jiwe lililojificha ardhini hutoa mlio mfupi, mkavu. Mtu anaguna, kimya kidogo, halafu tena. Udongo wetu wa Rungwe umejaa mawe, na kila aliyekulia huku anaujua mlio huo tangu yuko mgongoni kwa mama. Lakini ule wa siku ile, kwenye kona ya njia ya Ikuti, nausikia mpaka leo nikifumba macho, na nadhani nitazeeka nao.

Nianze na sababu ya safari yenyewe. Baba mdogo Ambokile alistaafu jeshi akiwa sajenti. Alirudi na begi moja la kijani, nishani mbili na sikio la kushoto lisilosikia, kwa sababu ya mlipuko huko nchi jirani alikopelekwa kulinda amani. Alipokuwa huko mama yake alifariki, naye hakuweza kurudi. Watu wa Ikuti, kijijini kwao, walimzika bila yeye. Ilikuwa masika, gari lililobeba jeneza likazama kwenye matope, wanaume wakalitoa jeneza, wakalibeba begani mpaka nyumbani. Hayo yote baba mdogo alisimuliwa kwa simu. Siku aliyorudi aliniambia, "Bupe, wale watu walinizikia mama. Mimi nitawatafutia barabara." Hakuwa mtu wa siasa hata kidogo. Akaenda kuchukua fomu ya kuomba ubunge kupitia chama chake, akaijaza kwa herufi kubwa kama anajaza fomu ya bunduki.

Mimi niliishia kidato cha pili. Nauza maandazi Msasani, hapa Tukuyu mjini. Ila nina mwandiko mzuri, basi baba mdogo akanifanya katibu wake. Sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Kichwani nilikuwa nimeshahamia Dodoma, nina meza yangu, nina kalamu tatu, na wageni wanasubiri nje mpaka niwaite. Kazi yangu nyingine ilikuwa kukaa kushoto kwake, nimwambie kinachosemwa upande huo. Alikuwa akinitambulisha kwa watu hivi: "Huyu ndiye sikio langu la huku."

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Msasani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, baridi ile ya mwezi wa saba inayong'ata vidole. Mwenye pikapu alikuwa Mzee Shabani, fundi cherehani jirani yetu, ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka hapa na hakurudi tena. Yeye na baba mdogo ni marafiki wa kutaniana.

"Afande, kaa katikati. Leo wewe ndiye mzigo."

"Raia hampangii askari kiti."

"Raia ndiye mwenye usukani. Ingia, tusije tukafika wajumbe wamezeeka."

Hao wajumbe ndio wanaopiga kura ndani ya chama kuchagua mgombea mmoja. Kila mwenye nia alipangiwa saa ya kujieleza mbele yao. Siku ile sisi tulipangiwa Nkunga saa tatu, Ikuti saa saba. Nilikuwa nimeziandika saa hizo kwenye daftari na kuzipigia mstari mara mbili, maana baba mdogo ana msemo wake: askari akichelewa dakika moja, amekufa yeye au mwenzake.

Nkunga tulifika kabla ya saa. Baba mdogo aliongea vizuri, hakuahidi mambo mengi. Alisema parachichi zinaozea shambani kwa kukosa njia, na mgonjwa anafia kwenye machela. Mama mmoja wa mbele akasimama.

"Sasa ukishinda, si utatupigisha kwata sisi?"

"Nyie mmeshachoka na majembe, mama. Nitawapigisha kwata wanaojenga barabara."

Walicheka, wakapiga makofi. Hawakukubali tuondoke bila kula. Ndizi za kupikwa, maziwa ya mgando, kila mtu anakusukumia bakuli lake. Huwezi kukataa, na mimi nilikuwa nakula huku natazama simu. Tulipoingia garini ilikuwa saa sita imeshapita sana.

Njia ya Ikuti, dakika kumi kabla ya saa saba. Chai pande zote mbili, halafu migomba ikaanza, imebanana mpaka huoni nyumba. Baba mdogo alikuwa amevaa miwani anasoma hotuba yake. Kwenye kona niliona wanawake wakikata kuingia kwenye njia ya migombani, upande wangu wa kushoto. Mmoja ana ndoo ya maji, wengine mizigo ya kuni, kanga zimefungwa kiunoni. Hakuna aliyekuwa anaongea. Kisha nikasikia jembe likigonga jiwe.

Kwa wasio wa huku niseme: kwetu msiba haupitwi. Hata mpita njia asiyemjua marehemu hushuka, hupokezwa jembe, huchimba mara tatu nne, akampa mwingine, akaomba ruhusa ya kuendelea na safari. Hakuna anayemuuliza anatoka wapi. Asiyeshuka ndiye anayeulizwa.

Mzee Shabani alipunguza mwendo.

"Mbona tunasimama?" baba mdogo akauliza, macho bado yako kwenye karatasi.

Mzee Shabani alinitazama kwa nyuma ya kichwa cha baba mdogo, akanisubiri mimi. Niliona daftari langu, ile mistari miwili. Niliona Dodoma. Nikamwinamia, nikapaza sauti ili sikio lake la kulia lisikie.

"Wanachimba msingi wa nyumba, Baba mdogo. Twende, tunachelewa."

"Mungu awasaidie na haya mawe," akasema, akageuza karatasi.

"Bupe," Mzee Shabani akaniita polepole.

Nikampungia mkono, twende. Akatia gia. Moyoni nikajiambia tutashuka wakati wa kurudi, tena na mkungu wa ndizi. Nilikuwa nampenda baba mdogo. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote.

Saa saba kamili tulikuwa Ikuti. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, yako matupu. Mzee mmoja anayeshika funguo za ukumbi alikuwa ameegemea mlango.

"Wajumbe wako kuzika," akasema. "Mzee Lwitiko. Si ndiko mnakotoka? Njia ni moja."

Baba mdogo alinigeukia. Alikunja hotuba yake mara mbili, mara nne, ikawa ndogo kama sabuni ya kipande, akaitia mfukoni.

"Turudi," akamwambia Mzee Shabani.

Lori la chai lilikuwa limeziba njia, tukafika ile kona karibu saa nane na nusu, tukakuta watu wanatoka, majembe mabegani. Mshindani wetu mmoja alikuwa katikati yao, suruali imejaa udongo mpaka magotini. Bibi Sekela, kiongozi wa wanawake pale, alikuja mpaka dirishani. Alimjua baba mdogo tangu anatambaa.

"Gwe, wewe Ambokile. Gari lako tumeliona linapita. Tukasema, labda anatafuta pa kuegesha."

"Ndaga, mama," akaitikia, neno letu la salamu na la pole. "Poleni sana."

"Ndaga. Unamjua tuliyemlaza?"

"Nimeambiwa sasa hivi."

"Siku ya mama yako alishika jeneza mbele, upande wa kulia. Alikataa mtu ampokee. Lile bega lilimsumbua mpaka anaingia kaburini."

Mwanaume mmoja nyuma yake akasema, bila hata kupaza sauti, "Mwache, mama. Askari ana ratiba."

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Baba mdogo alinishika mkono, akaubana mpaka vidole vikauma.

"Nilikuwa na haraka, mama," akasema. "Kosa ni langu."

Akashuka, akaenda kumpa pole mjane na kusimama kaburini. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, hakuna jembe la kupokea. Alisimama wima kama yuko gwaride, mikono haina kazi.

Saa tisa ukumbini. Baba mdogo aliongea kwa ufupi kuhusu barabara. Nkunga walimuuliza na kucheka naye, lakini Ikuti hakuuliza mtu. Baadaye tukaletewa chakula, kuku mzima, maji ya kunawa, kitambaa kipya cha meza. Walitulisha vizuri kabisa, kama wageni. Hapo ndipo nilipojua tumeshindwa, maana pale yeye si mgeni.

Kurudi, hakuna aliyetania. Tulipokaribia Tukuyu, Mzee Shabani akasema, "Mimi ndiye niliyekanyaga mafuta, afande. Nilijua."

Baba mdogo alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Jeshini mlinzi wa kushoto akikuambia njia ni safi, unapita," akasema. "Humuulizi mara ya pili." Alisema kama mtu anayezungumzia mvua. Nikageukia dirishani nikalia, na upande ule hakuwa na namna ya kunisikia.

Wiki iliyofuata kura zilipigwa. Nkunga alipata nyingi. Ikuti, kwao, alipata mbili. Aliyeshinda ni yule mwenye udongo kwenye suruali, na barabara sijamsikia akiitaja. Baba mdogo alimpa mkono mbele ya watu, akarudi nyumbani, akaanza kupalilia miparachichi yake.

Hajanigombeza hata siku moja. Ila siku hizi nikienda kukaa kushoto kwake, anainua kigoda chake taratibu, anakigeuza, ili niwe upande anaousikia mwenyewe. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kukusamehe na asikuamini tena, akayafanya yote mawili kwa upole.

Jumamosi moja sikukaanga maandazi. Nilikwenda mpaka ile kona bila kumuaga mtu. Mjane alikuwa ameenda kuchuma chai, nyumba imefungwa. Kaburi lilikuwa limezungushiwa mawe, upande mmoja bado pengo. Pembeni kulikuwa na rundo la yale yaliyotoka shimoni. Nikaliona moja lina kovu jeupe, pale jembe lilipopiga. Nilichuchumaa, nikalibeba kwa mikono miwili, nikalipanga kwenye pengo, nikashindilia udongo kwa viganja mpaka likaacha kucheza.