Siku Niliyotaka Kupunguza Jua la Kibondo

Nikianza kusimulia haya mke wangu hutoka nje akachekee huko, kwa hiyo mjue mapema kwamba aibu yenyewe bado ina mashahidi, na mimi siifichi, maana ukificha jambo Kibondo utalikuta limekutangulia sokoni. Mimi ndiye yule mwalimu aliyetaka kupunguza jua. Ndiyo, jua hili hili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiangazi, nami nilikuwa mwalimu kijana wa jiografia mwenye suti moja, redio moja na maneno mengi. Mwaka uliotangulia volkano ilikuwa imelipuka huko Ufilipino, na redio ikaeleza vizuri kabisa (niliisikiliza nimesimama, mdomo wazi) kwamba gesi ya kiberiti ilirushwa juu mno, kupita mawingu ya mvua, ikageuka vitone vidogo visivyoonekana kwa macho, vikaenea kuizunguka dunia na kurudisha sehemu ya mwanga wa jua ulikotoka, hata dunia nzima ikapoa kidogo. Mtangazaji akaongeza kwamba wapo wataalamu wanaojiuliza kama binadamu naye angeweza kufanya hivyo kwa makusudi, kupunguza joto linaloongezwa na hewa chafu ya viwanda. Wapo pia wanaopinga, akasema, lakini sehemu hiyo sikuisikia, nilishazima redio kuokoa betri.

Sasa wiki hizo hizo wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Kasulu. Nilikuwa nimemposa Leokadia, mwalimu mwenzangu, na mwenye jibu hakuwa baba yake bali shangazi yake, mama mrefu, msema taratibu, ambaye akikohoa ukoo mzima unanyamaza. Siku hiyo ndiyo angetamka kama wananipa binti yao au wanarudi naye. Nilimpenda Leokadia hadi chakula hakipiti, niseme wazi tu.

Baba mdogo Zakaria, mshenga wangu, alikuja mapema na panga kwapani. "Mwalimu, twende tukate miti tujenge banda, tuezeke majani ya migomba. Huu uwanja wako hauna kivuli hata cha kuku."

Mimi nikacheka. "Banda ni mambo ya zamani, Baba mdogo. Mimi nitapunguza jua lenyewe."

Alinitazama, akalitazama jua, akanitazama tena. "Mana yanje," alisema, Mungu wangu, kisha akaondoka na panga lake. Hapo ndipo ningepaswa kumkimbilia, lakini nani akimbie na suti imepigwa pasi?

Siku ya ugeni nikapanga mafungu ya nyasi na majani mabichi upande upepo unakotoka, nikayawasha. Na jamani, ilipendeza! Moshi mwembamba ukapita juu ya uwanja, jua likawa jekundu kama kiini cha yai la kienyeji, wageni wakafika, tukasalimiana "mwakeye, mwakeye" hadi tukachoka, na nilipomwona shangazi anatazama angani nikasimama mbele yao nikaanza kufundisha. Volkano nikaieleza, vitone nikavieleza, mkono mmoja mfukoni. Leokadia alikuwa ameinamisha kichwa kama inavyompasa binti anayeposwa, ila mabega yalikuwa yanatikisika, nikadhani ni furaha.

Kumbe alikuwa anakohoa. Upepo ulikuwa umelegea, moshi badala ya kupanda ukashuka ukakaa na wageni, wajomba wakaanza kufuta macho, chombo cha pombe ya ndizi kikaingia majivu, na shangazi akaniuliza polepole, "Baba, hiki kivuli chako kinaliwa au kinavutwa?"

Mtu mwenye akili angemwaga maji. Mimi nikawaza kisayansi: volkano ilifaulu kwa sababu ilirusha juu, basi na mimi nirushe juu. Nikawaomba radhi, nikavua koti, nikabeba matita ya nyasi kavu za kuezekea jiko nikayatupa yote kwenye moto. (Msinicheke, hata nyinyi mngekuwa mbele ya wakwe mngetupa.) Moto ukalipuka, moshi mweusi ukapanda kweli, na vipande vya nyasi zilizoungua vikapanda nao vikicheza, nikapiga makofi. "Mnaona? Unapanda!"

Ulipanda, halafu ukaenda kushuka mahali pengine. Chini ya uwanja wangu, upande upepo unakoelekea, kuna mwamba mpana ambapo akina mama wa mtaa wote huanika mihogo iliyotoka kuloweshwa mtoni, kila mmoja na sehemu yake. Kiangazi, chakula cha miezi mingi kinalala pale, kibichi, kinanata. Nilipita kwenye mwamba ule kila nilipokwenda shule, lakini siku ile nilikuwa natazama juu tu.

Wakaja. Mbele yao jirani yangu Mama Yusta, ungo kichwani, na nyuma yake akina mama na nyungo zao, wakaingia moja kwa moja katikati ya posa. Mama Yusta akautua ungo miguuni pangu. Mihogo ilikuwa na madoadoa kama ndege kanga, ila meusi.

"Mwalimu," alisema, "kama jua lilikukera, ungetuuliza na sisi tunaolitaka."

Nikainama nikaanza kupangusa kipande kimoja kwa mkono wa shati, doa likazidi kuenea. Mimi! Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi akanyanyuka, akachukua kipande kingine cha muhogo, akakigeuza.

"Kasulu nako tunaanika," alisema. "Tukikupa mtoto wetu, kesho ukisikia joto si utatuzimia jua na sisi?" Akakirudisha kipande ungoni. "Jibu letu lipo. Mihogo ya hawa mama ikirudi nyeupe, utalisikia."

Wakarudi Kasulu na Leokadia wao, nami nikakunja suruali ya suti nikaenda mtoni. Nilikwangua na kuosha mihogo ya mtaa mzima, kipande kwa kipande, Baba mdogo akisimamia ukingoni na kuuliza kila mara kama nahitaji kivuli. Nikaipandisha mwambani, nikaianika, na hapo ndipo niliposhikwa na woga hasa, kwa sababu mihogo ikikosa jua inaoza, na mimi sasa nikawa namwomba Mungu jua kali, kali kabisa, lichome. Kila kiwingu kilichopita kilinipitia moyoni. Sijawahi kulipenda jua namna ile.

(Na sayansi yangu haikuwa ya uongo, naomba iandikwe. Vitone vya volkano vilikuwa juu sana, mvua haivifikii, na vinarudisha mwanga. Wangu ulikuwa moshi mweusi wa chini, ambao unameza joto la jua badala ya kulirudisha, unaingia vifuani mwa watu kisha unaanguka. Nilikosea kimo na rangi. Mengine yote nilikuwa sahihi, isipokuwa sikuuliza mtu.)

Mihogo ikakauka. Mama Yusta akatwanga yake, akanifungia unga. "Wapelekee wauone," alisema, na nilijua amenisamehe. Nikapanda lori hadi Kasulu na unga wangu mapajani. Shangazi akaupokea, akabandika maji, akasonga ugali, akamega tonge, akatafuna muda mrefu huku nikihesabu makosa yangu yote.

"Una moshi kidogo," alisema. Kisha akamwita Leokadia. "Njoo ule. Mumeo ameosha mwenyewe."

Tumezeeka pamoja sasa. Juzi redio imesema tena kuna wataalamu wanaotaka kupeleka ndege juu kabisa, zimwage kitu kama kile cha volkano, dunia ipoe. Nikaongeza sauti, nikaanza kumweleza mke wangu kwamba hawa angalau kimo wamepatia, rangi wamepatia. Alikuwa anatoka na ungo kwenda mwambani.

"Wamewauliza wenye mihogo?" akaniuliza.

Nikazima redio, nikaupokea ungo. Siku hizi nikisikia joto, nakata miti najenga banda.