Kichuma cha Jino la Mbele

Ngumi ya kwanza kaka yangu alinipiga mlangoni, kwetu Pongwe, niliposimama kati yake na mkewe. Jino la mbele likalala ndani. Wifi akanifuta damu kwa kanga yake huku analia. Nikamwambia, "Nyamaza, wifi, taarifa ya habari haisomwi na jino." Ndoto yangu ni utangazaji, na mimi nacheka hata nikiumia, ndivyo nilivyo.

Dokta akanifunga vyuma vya meno. Haikupita wiki, kile cha jino la mbele kikatoka. Kofi. Akakibandika tena, kikatoka tena. Kiwiko. Mara ya kwanza nilisingizia muwa. Safari hii kaka akanisindikiza mwenyewe, asikie nitasema nini.

Siku hiyo msaidizi hakuwepo. "Baba, nishikie huu mrija wa kuvuta mate," dokta akamwambia kaka. Akalisugua jino kwa unga, akalipaka asidi ya buluu, akaliosha, akalipuliza hewa mpaka likawa jeupe kama chaki.

"Asidi imelikwaruza, sasa gundi itapata pa kushika. Usifunge mdomo, mwanangu. Tone moja tu la mate, kazi yote bure."

Kisha akakigeuzageuza kile kichuma kilichotoka. "Gundi yangu haing'oki kwa muwa. Nani anakupiga?"

Kaka akanikandamiza mrija kwenye ufizi. Nikaonja damu. "Huyu? Anaanguka tu hovyo, dokta. Miguu ya mbuzi hii!"

Mdomo wazi, ulimi nimeukunja, kusema siwezi. Nikainua kidole nikamnyooshea kaka.

Akanichapa mrija usoni. Trei ikaruka, vyuma vikatawanyika sakafuni. Akanipandia pale pale kwenye kiti, goti kifuani, vidole kooni. "Nitakung'oa yote!" Mlinzi na wagonjwa wawili wa foleni wakamburuta nje, wakamfungia kwenye kibanda cha mlinzi mpaka polisi wakaja.

Dokta akaiokota trei. "Tuache leo?"

Jino lilishalowa mate na damu. "Anza upya," nikamwambia.

Wifi alikuwa ametufuata, yuko barazani na mwanawe mgongoni. Akaingia, akaushika mrija. Unga, asidi, maji, hewa. Mkono wake mwepesi, hata sikuusikia.

Pongwe hatukurudi. Tulipanda gari la Mkwaja, kwa wazazi wa wifi. Kichuma kipo mpaka leo. Asubuhi wifi akikaanga maandazi huniambia, "Haya, tusomee habari," nami namsomea kwa sauti kutoka kwenye magazeti ya kufungia.