Dashibodi Iliyokataa Kukaa

Fundi huyu wa bodi za magari walimpa jina la Milimita, na halikuwa jina la kumsifu. Alikuwa mtu wa kupima kitu mara tatu, kisha akaazima tepu ya jirani apime mara ya nne, isije ikawa tepu yake inamdanganya. Mkewe, aliyeshona viti vya magari katika chumba cha pili cha gereji hiyohiyo, alikuwa akiwaambia wateja, "Nimeishi naye miaka thelathini na moja, na vijiko vya nyumbani bado anavihesabu."

Hakuzaliwa hivyo. Ujanani, mteja mmoja alimwita mwizi mbele ya mtaa mzima kwa sababu ya kabureta. Siku ya tatu kabureta lilionekana chini ya kitanda cha mteja mwenyewe. Hakurudi kusema hata samahani. Tangu hapo gari halikuvuka mlango wa Milimita mpaka iandikwe orodha ya kila kilichomo, na mwenye gari atie sahihi.

Basi asubuhi moja akaja mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Aliendesha gari la marehemu baba yake, la zamani, lenye pua ndefu na dashibodi ya chuma kitupu. Chuma hicho kutu ilikuwa imekitafuna, na mafundi redio wa miaka nenda rudi walikuwa wamekitoboa kila mmoja kwa saizi yake. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na dashibodi nyingine, nzima, imeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Binamu yake aliing'oa kwenye gari la aina ileile lililokwisha kufa.

Mwalimu aliisoma orodha mara mbili, akasahihisha neno moja, akatia sahihi. Kisha akatoa mkobani chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akaanza kudondosha nukta kwenye kila mita na kila kitufe.

"Unafanya nini, Mwalimu?"

"Naweka alama. Nimefundisha miaka thelathini na nne, Fundi. Mikono ya watu naijua."

Mwalimu akaomba kiti, akakiweka mahali ambapo angeona mikono yote miwili ya fundi, akakaa.

Kazi ilianza hivyo, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembe. Kabla ya kufungua chochote Milimita alichomelea bomba la chuma kutoka nguzo ya mlango wa kulia hadi ya kushoto.

"Hilo bomba la nini?"

"Dashibodi ndiyo inayozishika nguzo hizi mbili. Nikiitoa bila kuzifunga, gari linaweza kujikunja kama kopo."

Mwalimu akaandika kwenye kidaftari chake. Fundi akaona anaandika, akakunja uso. Akatoa mita, nyaya, mkono wa usukani, kisha dashibodi yenyewe, skrubu moja baada ya nyingine, kila moja akiionyesha juu kama mwana mazingaombwe.

Siku ya pili alimkuta Mwalimu chumba cha mkewe, wananong'ona. Alipoingia wakanyamaza. Machale yakamcheza.

"Mlikuwa mnasema nini?" akamuuliza mkewe baadaye.

"Aliuliza kama wewe ni mtu mwaminifu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia wewe ni mwaminifu mpaka unachosha." Mkewe akaendelea kushona. Milimita hakuridhika, aliona jibu limekuja upesi mno.

Siku ya tatu akaipandisha dashibodi mpya. Upande wa kulia ilikaa vizuri kama mfuniko wa sufuria. Upande wa kushoto ikakwama. Akaitoa, akairudisha, akaigonga kidogo kwa nyundo ya mpira. Ikagoma. Akapima: mwanya ulikuwa mfupi kuliko dashibodi kwa milimita kumi na moja.

"Binamu yako amekuletea ya gari jingine," akasema.

Mwalimu akasimama. "Binamu yangu aliitoa mwenyewe, nami nilikuwepo. Au ni hilo bomba lako limelikunja gari langu?"

"Bomba langu?"

"Gari liliingia hapa likiwa zima!"

Kabureta lile likamrudia Milimita, na sauti ya yule mteja, na majirani madirishani. Angeweza kumwambia abebe gari lake aende. Badala yake alipiga moyo konde, akailaza dashibodi kuukuu sakafuni, mpya kando yake, akamwita Mwalimu aje na macho yake mwenyewe.

Kuukuu ilikuwa fupi. Milimita kumi na moja. Akakwangua rangi iliyofunika ncha yake ya kushoto, na chini yake kukatokea kovu: chuma kilikuwa kimekatwa, kikapunguzwa, kikaungwa tena kwa mkono wenye haraka. Akachukua sumaku akaipitisha kwenye nguzo ya kulia. Ikang'ang'ania mpaka chini. Akaipitisha kwenye ya kushoto. Ikaanguka.

"Hapa hakuna chuma karibu," akasema. "Ni puti, ule udongo wa kuzibia mabonyeo kabla ya rangi." Akakwangua, na puti ikatoka nene kama biskuti. Chini yake nguzo ilikuwa imebonyea kuingia ndani. "Gari hili liligonga kitu, Mwalimu. Zamani. Aliyelitengeneza hakuivuta nguzo. Alikata dashibodi iendane na ubovu, akapaka rangi juu."

"Baba hakuwahi kugonga hata kuku."

"Sikumtaja baba yako. Nani mwingine aliliendesha?"

Mwalimu akarudi kitini taratibu. "Mjomba," akasema. Hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa dereva wao, nao watoto walimwita hivyo. Mwaka ambao yeye Mwalimu alikuwa na miaka kumi na sita, baba alisafiri majuma mawili. Aliporudi, gari likawa linavuta kushoto. Baba akasema dereva amezurura nalo akaliumiza. Mjomba akaapa hajaligusa, kwamba alikuwa likizo kwao na funguo aliziacha nyumbani. Baba akamfukuza siku hiyohiyo.

"Nilimpita mlangoni akiwa na sanduku lake," Mwalimu akasema, "wala sikumwitikia alipoaga."

Milimita alimtazama, safari hii bila jicho la pembe. "Na funguo zikiwa nyumbani, nani aliyejua kuendesha?"

Mwalimu akatoa simu, akampigia dada yake mkubwa, akaiweka magotini sauti ikiwa juu.

"Dada, gari la baba liligonga wapi?"

Dada akauliza upesi: "Nani amekuambia?"

Hapo mkewe Milimita, aliyekuwa mlangoni na mkasi mkononi, akarudi ndani polepole. Dada alilia, akasema ni yeye aliyegonga nguzo ya geti la rafiki yake, akasema fundi aliimaliza kazi kwa siku nne, akasema alikusudia kumwambia baba kila siku mpaka siku zikawa miaka. Mwalimu akakata simu. Akafuta miwani kwa pindo la nguo muda mrefu.

"Endelea na kazi, Fundi," akasema. "Mimi natoka kidogo." Ilikuwa mara ya kwanza kumwacha peke yake na gari.

Milimita alikata bomba lake, akalaza jeki kati ya nguzo mbili, kila ncha na kipande cha mbao, akaisukuma nguzo ya kushoto nje kidogo kidogo, akipumzisha chuma na kupima, hadi mwanya ukatimia. Dashibodi ikaingia bila nyundo. Akaishika kwanza kwa nukta nne za kuchomelea, akahakikisha kwa pimamaji, ndipo akafunga bolti zote. Kisha akaikaza kwa mikono mitatu ya chuma: miwili kutoka ukingo wake wa chini hadi ukuta wa injini, wa tatu hadi sakafuni katikati, karibu na gia, ili usukani usitikisike. Akaning'inia kwenye dashibodi kwa uzito wake wote. Haikulia. Mwisho akanyoosha magurudumu ya mbele, gari liache kuvuta kushoto.

Mwalimu alilichukua gari siku ya sita, akaambiwa alirudishe baada ya mwezi bolti zikazwe upya. Aliporudi hakuketi kwenye kiti. Alisimama karibu na fundi.

"Nilimtafuta Mjomba. Yu hai, anaishi na binti yake, magoti yamemwisha. Nilimwomba radhi. Nikampakia, nikampa usukani uwanjani kwao. Akaenda mita mia, akauachia kidogo, gari likanyooka. Akasema, 'Umeona? Hata mkononi mwangu linakwenda sawa.' Halafu akashuka. Akasema radhi yangu ameipokea, ya dada yangu anaingoja kwa mdomo wa dada yangu mwenyewe."

"Atakwenda?"

"Anasema atakwenda. Wewe unaonaje, Fundi?"

Milimita alizungusha spana robo duara, akasikiliza. Binadamu alikuwa amewapima maisha yake yote na vipimo vyao havikuwahi kutoka sawa.

"Mpeleke wewe," akasema. "Usimwache aende peke yake, atapotelea njiani."

Jumapili iliyofuata, mkewe Milimita aliliona lile gari likipita polepole mbele ya gereji, Mwalimu akiendesha. Kando yake alikaa mwanamke mnene, ameshikilia ukingo wa dashibodi kwa mikono miwili.