Neno Ambalo Mama Vaileth Hakupewa

Mama Vaileth anakaanga mihogo Kibamba, nyuma kidogo ya Barabara ya Morogoro, na kanisani kwetu anajulikana kwa jambo moja: Mungu humpa neno. Hakujitangaza. Ilitokea kwenye maombi ya Alhamisi, alipomshika mkono Noela, karani mgeni ambaye hata jina lake tulikuwa hatujalizoea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yule mtoto anayemlilia peke yake, Mungu anamlilia pamoja naye. Noela alipiga magoti palepale. Alimzika mwanawe Sumbawanga kabla ya kuhamia Dar, na hakuwa amemwambia mtu.

Tangu hapo tukamharibia mama wa watu maisha kwa heshima. Akisema kuna wingu, majirani wanaanua nguo mbichi. Dada mmoja aliambiwa "subiri" kwenye foleni ya mihogo, akaenda kuahirisha harusi.

Halafu kuna Projestus. Huyu ni fundi wa kuchomelea mageti, karakana yake iko Chang'ombe, ila anaishi jirani na Mama Vaileth. Kunyanyua vyuma kulimpa ngiri kubwa. Daktari alishampangia upasuaji, akamwonya kwamba utumbo ukibanwa mle ndani anaweza kufa. Mama Vaileth akapita kumjulia hali, akasema kama tunavyosema sote kwa mgonjwa yeyote, "Pole baba, utapona tu," akaondoka.

Wiki haijaisha, Genoveva, mke wa Projestus, akatokea na jogoo kwapani.

"Shikamoo mama. Nimekuja kushukuru."

"Marahaba. Kwa lipi tena?"

"Lile neno! Mume wangu kaghairi upasuaji. Anasema Bwana keshamponya kwa kinywa chako."

Mama Vaileth akamrudishia jogoo, akaepua karai, akaenda kwa Mchungaji Elibariki huku mikono inanuka mafuta.

"Nimemuua mtu," akasema kabla hajakaribishwa kiti, kisha akaeleza yote.

Mchungaji hakumkemea. Akauliza, "Siku ya Noela ilikuwaje?"

"Sikutaka kusema. Nililimeza lile neno, likarudi. Nikalimeza tena, likarudi. Mwishowe ndiyo nikalitoa."

"Na siku ya Projestus?"

"Nilikuwa nawahi maharage yangu jikoni."

"Basi tofauti unaijua. Neno la unabii hupimwa, mama, na hili umeshalipima mwenyewe. Twende ukamwambie."

Walimkuta Projestus kwenye kochi, mkono umeshikilia kinena. Mama Vaileth akamwambia wazi kwamba hakutumwa na Mungu.

"Ah, mama," Projestus akatabasamu. "Manabii wa kweli wanajishushaga hivyohivyo."

Mtu anayeogopa kisu hahitaji nabii mkubwa. Pole ya jirani inamtosha kuwa kisingizio.

Genoveva akamvuta mama mlangoni, machozi yanamlenga. "Si umwambie tu Bwana kasema aende hospitali? Wewe atakusikia."

Ushauri mzuri. Mie ningeutumia palepale, na soda ningedai. Hata Mama Vaileth aliona ungefanya kazi.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Lile la kwanza mlimsingizia Mungu bila kujua. Hili nitamsingizia mie huku naona."

Akarudi, akavuta kigoda, akakaa goti kwa goti na mgonjwa. "Projestus, nisikilize. Bwana hajaniambia lolote kuhusu ngiri yako. Hajasema utapona, hajasema utakufa. Aliyesema ni daktari. Mie nilikupa pole, nikakimbilia maharage."

"Maharage?"

"Maharage. Na yaliungua."

Projestus akamgeukia mchungaji, mchungaji akaitikia kwa kichwa. Hapo kicheko kikamtoka mzee mzima, kikamchoma chini ya tumbo, akajikunja. Alipoinua uso hakuwa anacheka tena.

"Naogopa, mama. Baba yangu waliingia naye chumba cha upasuaji, hakutoka hai."

"Ehe! Sasa hilo tunaweza kuliombea."

Wakaliomba hilo, si jingine. Akapangiwa siku nyingine, akaenda.

Siku ya kisu, Mama Vaileth aliunguza mihogo karai zima, na wateja tulikula bila kulalamika. Simu ikaita. Genoveva alikuwa anapiga kelele: "Katoka! Kazinduka, anagombana na manesi anataka ugali!" Mama akakaa chini katikati ya maganda, akajifunika kanga usoni, mabega yakamshuka kama mtu aliyetua ndoo.

Wengine walidhani baada ya hapo tutamdharau. Wapi! Mtu anayeweza kusema "Mungu hajaniambia" wakati kila mtu anatamani aambiwe, huyo siku akisema ameambiwa, mie nakaa kimya namsikiliza.

Siku iliyofuata upasuaji, Mama Vaileth alikwenda wodini kumwona Projestus. Genoveva, kwa mazoea, akamnong'oneza, "Mama, unamwonaje?"

"Namwona kalala. Mengine kamuulize nesi."