Gaudensia, MC wa Mwisenge, na Ng'ombe wa Mjomba

Ukikaa Musoma mjini utaiona MC kila mahali, hata kama shule uliishia darasa la saba kama mimi. Gari la taka limeandikwa ubavuni Musoma MC, maana yake ni la Manispaa. Pikipiki zote, kibao cha nyuma kinaanza na MC. Na kwenye sherehe, MC ni yule mwenye maiki anayetuamrisha lini tule na lini tupige makofi. Gaudensia wa Mwisenge ni MC mara mbili: siku za kazi anaendesha bodaboda, Jumamosi anasherehesha. Ile ya Manispaa tu ndiyo hana, nayo anasemaga udiwani bado anaufikiria.

Mimi nilimjua kwa pikipiki. Nikitoka Bugwema kwenda kliniki ya presha, yeye ndiye alikuwaga ananibeba kutoka stendi, polepole kama amebeba trei ya mayai. Mumewe alimwachia watoto akaenda zake Geita, migodini. Shemeji zake wakaja kuichukua pikipiki, wakamkuta ameikalia, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Waliondoka kwa miguu. Mwanamke wa namna hiyo nampendaga. Basi alipoposwa Tabitha, mtoto wa binti yangu Lilian, nikasema MC wa sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti, ni Gaudensia.

Baba wa Tabitha, Benjamini, hakutaka. Kwetu mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso, kwa hiyo alimtuma Lilian.

"Mama, baba Tabitha anauliza, Bunda nzima imekosa mwanaume wa kushika maiki?"

"Mwambie wapo. Mimi namtaka huyu."

Hakuleta neno lingine. Ila nilijua kikiharibika kitu, jina litakalotajwa ni langu.

Sendofu ilifanyika kwa Benjamini, Bunda. Harusi ilikuwa kesho yake kanisani. Wageni wa upande wa mume walitoka Butiama kwa koasta, na nyuma yao kigari cha mizigo, kirikuu, kimebeba ng'ombe wa mjomba. Mjomba mwenyewe ni Enoka, mwanangu, kaka yake Lilian. Ng'ombe huyo ndiye anayefunga mahari. Asipopokelewa, binti hatoki. Gaudensia akaimbisha, wageni wakaingia wakicheza, ng'ombe akashushwa: mnene, anang'aa, pembe zimepakwa mafuta.

Enoka akamzunguka. Akainama. Alipoinuka, uso ulikuwa mwingine.

"Baltazar," akamwita baba wa bwana harusi, bila hata kumwita mkwe. "Huyu ni maksai."

"Ndiyo. Nimemchagua mwenyewe mnadani Kiabakari. Angalia hiyo nundu."

"Mjomba analetewa mtamba, azae. Wewe umeniletea aliyehasiwa. Unalitakia nini tumbo la mtoto wetu?"

Baltazar alishangaa kweli. Akaeleza kwamba kwao ng'ombe wa mjomba anachinjwa siku hiyo hiyo, ukoo unakula. Ukimpelekea ndama wa kufuga ni kama unamwambia hastahili nyama. Alikuja kumheshimu. Angeishia hapo. Lakini akaongeza, "Ng'ombe ni ng'ombe. Kama hujui nyama, sema."

"Kesho hakuna harusi," alisema Enoka.

Vijana wetu wakasimama. Mmoja akachomoa ufunguo wa koasta. Wengine wakapita nyuma ya nyumba, wakarudi na fimbo za kuchungia. Tabitha alikaa kwenye kiti chake cha maua, mikono magotini, hatazami mtu. Lilian akanitazama mimi. Ningefanya nini? Enoka nilimzaa, lakini siku ile alikuwa mjomba, na neno la mjomba hata mama halipangui. Isitoshe alikuwa na haki.

"MC, zima muziki uende zako," sauti ikasema nyuma. "Tulisema mwanamke hataweza."

Gaudensia akazima muziki. Hakwenda. Alipita katikati ya fimbo mpaka kwa Dorkas, mama wa bwana harusi, akachuchumaa.

"Mama, zizini kwako kuna jike?"

"Kuna ndama. Ameachishwa ziwa juzi juzi. Ni wangu, siyo wa Baltazar."

"Twende Butiama."

"Kwa usafiri gani? Ufunguo wameshachukua."

"Kwa pikipiki yangu."

Enoka akawazibia njia. Gaudensia akamwambia, "Mjomba, tunakufuatia mtamba. Sema mwisho lini."

Enoka akaangalia jua. "Likigusa ule mlima, narudi kwangu. Mama huyu aende. Wanaume wao wabaki."

Gaudensia akanishikisha maiki. "Bibi, usiwaache waguse koasta."

Wageni, Baltazar akiwemo, walikuwa wamezikimbia fimbo wakajifungia mle, madirisha wameyafunga. Nikaenda nikakaa kwenye ngazi ya mlango, nikainyoosha miguu yangu iliyovimba. Atakayetaka kumshusha mgeni aniruke mimi. Nikaanza kusema. Nilitaja ng'ombe wa mahari yangu mimi, rangi na pembe zao, kisha wa mahari ya mama zao hao vijana.

"Wewe Wambura, babu yako alituletea ng'ombe chongo. Alipigwa?"

Kijana akatazama chini.

"Nijibu, nina maiki."

"Hakupigwa, bibi."

Wachache walicheka. Fimbo zikashuka, lakini hakuna aliyeiweka chini. Mara jiwe likagonga bati la koasta, sikuona aliyerusha. Ndani mtoto akaanza kulia. Nikaendelea kusema, koo limekauka, jua linateremka na barabara iko kimya.

Lilikuwa limebakiza kidogo tu kugusa mlima tuliposikia pikipiki. Gaudensia mbele, gauni la sherehe kalifunga kiunoni. Nyuma Dorkas, amempakata ndama mwekundu aliyefungwa miguu kwa kitenge, kichwa cha ndama kimelala begani kwa Gaudensia. Wote wawili mavi matupu. Hakuna aliyecheka.

Enoka akafungua kitenge, akamsimamisha ndama, akainua mkia, akapapasa chuchu.

"Mdogo."

Dorkas akaokota kitenge chake. "Tabitha naye mlimpata mdogo, mkamlea. Mlee na huyu."

Enoka akamzunguka ndama, kama alivyomzunguka maksai. Nilikuwa na neno mdomoni, na maiki mkononi, nikajizuia. Mwishowe akaivuta kamba iliyokuwa shingoni mwa ndama, akaizungushia mkononi.

"Na maksai?" akauliza.

Dirisha la koasta likafunguliwa. "Kwetu anachinjwa," alisema Baltazar.

"Basi teremka uje uchinje. Nione hiyo nyama nisiyoijua."

Ufunguo ukarudishwa. Gaudensia akajifuta mikono kwenye gauni, akachukua maiki. Hakutia utani wowote. Alitangaza saa ya kanisa kesho, akawaita wenye visu, kisha akanigeukia.

"Bibi, toka mlangoni, wageni washuke."

Nilijaribu, miguu ikakataa. Enoka akanishika mkono mmoja, Baltazar akashika wa pili, wakaninyanyua.